Paukwa ni sentensi

Mtu akiuliza leo mtandaoni "paukwa" maana yake nini, hakosi jibu. Programu za akili mnemba humjibu papo hapo, kwa maneno laini na bila kusita: mara ni mlio wa kuwaamsha wasikilizaji, mara ni "hapo zamani za kale" kwa ufupi, mara ni neno lisilo na maana yoyote. Vitabu vya kiada navyo huliweka chini ya fomyula za kufungulia hadithi, mwanafunzi akalikariri kwa ajili ya mtihani kisha akaendelea na methali. Wakati huohuo neno lenyewe linavuma kila mahali. Linaitwa redioni, shuleni na katika matamasha, na inapofika 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, si ajabu kumsikia mshereheshaji akipaza sauti "Paukwa!" na ukumbi mzima ukaitika "Pakawa!" Tunalitamka pamoja, wakubwa kwa wadogo, na wengi wetu tumekubali kwamba ni kelele nzuri tu ya kuanzia.

Mimi sikubali. Paukwa na pakawa ni vitenzi viwili, vimeundwa kwa kanuni zilezile tunazotumia kila siku, na kwa pamoja vinafanya sentensi iliyokamilika. Sentensi hiyo inahusu mahali. Inasema, kwa Kiswahili cha leo: mahali paondokwa, kisha pakawa. Hoja yangu ni kwamba tumepoteza maana hiyo kwa sababu neno moja ndani yake limetoka katika lugha sanifu, tukadhani kwamba kilichofia mdomoni mwetu hakikuwahi kuwa hai.

Kwanza tuikumbuke fomyula yenyewe kwa urefu wake, maana wengi siku hizi wanajua maneno mawili tu. Msimulizi husema, "Paukwa!" Wasikilizaji huitika, "Pakawa!" Kisha huendelea: "Paliondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, vijino kama chikichi, vya kujengea vikuta, na vilango vya kupita." Ziko tofauti ndogondogo. Wengine husema "kaondokea", wengine "chenjagaa", wengine "kijino" kimoja badala ya vijino vingi, na mwisho unaweza kuwa "kupita" au "kupitia". Bibi yangu Tanga alikuwa akiimaliza yote kwa pumzi moja, na asipoitikiwa vizuri pale mwanzo hakusonga mbele. Alirudia "Paukwa" mpaka sauti zetu zikamridhisha. Hatukumwuliza chanjagaa ni nani. Nadhani tulijiona tunajua.

Fomyula hii ni ya pwani, na huko ndiko maneno yake yanakopaswa kutafutwa. Kiswahili sanifu tunachofundisha kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliofikiwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikauendeleza kwa kamusi na vitabu. Kazi ile ilitupa lugha moja kutoka Kigoma hadi Kisumu, na siidharau. Lakini kila usanifishaji huacha vitu nje. Maneno mengi yaliyokuwa ya kawaida Lamu, Mombasa, Vanga au Pemba yalibaki katika tenzi, nyimbo za harusi, vitendawili na mianzo ya hadithi. Msemo unaosemwa kwa mdundo hauguswi ovyo. Watu huupokea ulivyo na kuupitisha ulivyo. Ndiyo maana ndani ya "paukwa" kuna kitenzi ambacho mwalimu wa Dodoma au Nakuru hana sababu ya kukijua.

Tuanze na jibu, kwa kuwa ni jepesi. "Pakawa" ni pa-ka-wa. Pa- ni ya mahali, ileile ya "pale pana watu". -wa ni kuwa. Katikati kuna -ka-, na hii ndiyo inayostahili kutazamwa. -ka- ya masimulizi haianzi habari. Hufuata tendo lililokwisha kutajwa: alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi. Huwezi kuingia nyumbani kwa mtu, ukasema "nikala", ukanyamaza. Atakusubiri umwambie ulifanya nini kabla ya kula. Kwa hiyo "pakawa" haiwezi kusimama yenyewe. Inadai kitenzi mbele yake, na kitenzi hicho hakiwezi kuwa kingine ila "paukwa". Wasikilizaji hawapigi mayowe ya kuitika tu. Wanaidaka sentensi ya msimulizi ikiwa nusu na kuimalizia, tena wao ndio wanaoitia ile -ka- ambayo hadithi nzima itapanda juu yake: kajenga, kakaa, akaenda, akamkuta, akamwoa. Mwenye hadithi hana ruhusa ya kusimulia mpaka hadhira imemfungulia wakati wa kusimulia. Ningetamani kila kitabu cha fasihi simulizi kianzie hapo kinapozungumzia ushirikishi wa hadhira.

Sasa "paukwa". Mwisho wake ni -wa ya kutendwa: pikwa, jengwa, pigwa, ukwa. Mwanzo wake ni pa- ya mahali. Kati ya pa- na kiini cha kitenzi hakuna -li- wala -na- wala -me-, na hilo limewafanya wengi waone neno zima kama kipande kimoja kisichogawanyika. Lakini Kiswahili kina -a- ya wakati usiofungwa, ile ya "mwana alia", "maji yafurika", "yasemwa mengi". -a- hiyo ikikutana na pa- humezwa: pa-a-faa huwa "pafaa", pa-a-uzwa huwa "pauzwa". Mwuza duka akiandika ubaoni "Hapa pauzwa nazi", hakuna msomaji anayedhani "pauzwa" ni mlio. Weka k mahali pa z, upate "paukwa". Umbo ni lile lile, herufi kwa herufi, na kinachobaki ni kujua "kuuka" ni kufanya nini.

Kuuka ni kuondoka. Katika Kiswahili sanifu hulisikii likisimama peke yake, lakini nenda kwa Wadigo, majirani wa Waswahili wa mwambao kutoka Tanga hadi Kwale, utalisikia kutwa nzima. Kwao mtu anayeondoka mahali anauka. Na ndani ya fomyula yenyewe kuna shahidi wa pili ambaye hatuhitaji kumfuata Kwale. Baada ya "Paukwa, Pakawa" linakuja neno gani? "Paliondokea." Kitenzi ni ondoka, tena kwa pa- ya mahali. Ondoka na uka ni maneno mawili ya jambo moja, na msimulizi wa kale aliyaweka jirani kama washairi wetu wanavyopenda kufanya, neno la zamani likifuatwa na neno lililozoeleka, la pili likilifasiri la kwanza. Sisi tumekuwa tukilitamka fumbo pamoja na jibu lake bila kugundua.

Wapo watakaosema kwamba kitenzi kisicho na mtendwa hakiwezi kuchukua -wa: mtu huondoka, hakuna anayeondokwa. Ni pingamizi la haki, na jibu lake liko katika neno "hama". Kuhama nako ni kutoka mahali, lakini tunasema bila shida kwamba kijiji kimehamwa, mtaa umehamwa, pamehamwa. Mahali panapoachwa na watu panatendwa kitu: panaachwa. Kiswahili kina hata jina la mahali pa namna hiyo, mahame. Paukwa basi ni dada yake pamehamwa. Ukitaka maana ya "kuondoka" ile nyingine, ya kuinuka kutoka ulipokaa, nayo imo, maana ondoka yenyewe hubeba yote mawili: huondoka kitini na huondoka mjini. Ndiyo maana wazee waliweza kuanza ngano kwa "paliondokea mtu", yaani alitokea, aliinuka mtu fulani. Naiona maana ya kuhama kuwa ndiyo nzito zaidi katika paukwa kwa sababu ya ile -wa, lakini sitagombana na anayesikia ndani yake kuinuka.

Sasa maelezo mengine yanayotembea. La kwanza, na ndilo dhaifu kuliko yote, ni kwamba paukwa haina maana kwa sababu haina haja ya maana. Kazi yake ni kunyamazisha watoto. Hapa watu wanachanganya kazi ya neno na asili yake. "Hodi" kazi yake ni kuomba kuingia, "kwaheri" kazi yake ni kuagana, na hakuna anayeshindwa kuona heri ndani ya kwaheri. Neno likitumiwa kama kengele halipotezi historia. Zaidi ya hapo, kelele tupu haifuati sarufi. Ingekuwaje bahati nasibu ikatupa pa- mbili, -wa mbili, -ka- mahali pake hasa, na kitenzi cha kuondoka kinachokaririwa katika mstari unaofuata?

La pili ni la wale wanaolinasibisha na "pauka", yaani kufifia rangi, kama ngozi iliyokosa mafuta au shuka iliyokaa sana juani. Wanasema hadithi ni ya zamani, imepauka kama nguo kuukuu. Ni picha ya kuvutia lakini haina msaada wowote mbele yake wala nyuma. Kinachopauka hakipaukwi, na hakuna chochote katika mistari inayofuata kinachogusa rangi au uchakavu.

La tatu nililipenda sana na niliishi nalo muda mrefu kabla ya kuliacha. Linasema paukwa inatokana na "paua", kazi ya fundi anayeinua mapau na makombamoyo ili nyumba iezekwe. Fikiria uzuri wake: msimulizi anatangaza kwamba paa limeinuliwa, wasikilizaji wanajibu kwamba basi pamekuwa mahali, kisha chanjagaa anajenga nyumba na kukaa. Kila kitu kinakaa sawa isipokuwa sarufi. Vitenzi vya aina ya paua vikitendwa huchukua -liwa: chukua huwa chukuliwa, pakua huwa pakuliwa, na paua ingekuwa pauliwa. Ile k haina pa kutokea. Hata hivyo maelezo haya yamesikia jambo ambalo mengine hayakulisikia, kwamba fomyula nzima ni ya ujenzi. Hapo wenye rai hii wako sahihi kabisa, wamekosea mlango tu.

Maana hebu tuendelee na mistari. Chanjagaa ni kaa mdogo wa pwani, na aliyekulia ufukweni anamfahamu hata kama jina limempotea: maji yakitoka huonekana akichimba mchangani, akitupa vidonge vya mchanga kando, akiingia shimoni kivuli kikimpitia. Maji yakijaa, nyumba imefutika. Yakitoka tena, yumo kazini. Paukwa, pakawa. Sioni mnyama mwingine wa mwambao ambaye maisha yake yangeifasiri sentensi ile vizuri zaidi. Na mchezo wa sauti umewekwa kwa makusudi: "kajenga nyumba kakaa" inaishia na "kaa", kitenzi cha kuishi mahali na jina la mnyama mwenyewe kwa pamoja. Ile kajenga isiyo na a- mbele yake ni akajenga, kama tenzi zinavyosema "kamwambia" na "kenda".

Kisha pazia linafunguka kwingine: "mwanangu mwana siti". Mwana, huko pwani, ni cheo cha heshima cha mwanamke, kama katika jina la Mwana Kupona, na siti ni bibi mheshimiwa, neno la Kiarabu ambalo Waswahili wamelifanya lao mpaka mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja akajulikana kwa jina la Siti binti Saad. Binti huyu ana vijino kama chikichi. Wasomaji wa Kigoma, kwenye michikichi na mawese, hawahitaji kuelezwa: chikichi ni tunda dogo, gumu, lililobanana na wenzake katika kole. Meno yamebanana hivyo, nayo yanajenga vikuta, kama mawe yanavyopangwa katika ukuta wa chokaa wa miji yetu ya kale. Na ukuta una "vilango vya kupita". Kwa miaka mingi mstari huu ulinishinda. Leo nausoma kama mwanya, ule uwazi kati ya meno ya mbele ambao watu wa pwani wanauhesabu kuwa uzuri. Binti ana meno yaliyojengeka, yenye mwanya. Lakini kinachopita katika vilango vya meno ni nini, kama si maneno? Fomyula imetoka mahali palipoachwa, ikapita katika nyumba ya kaa, na sasa imefika kinywani mwa anayesimulia, hadithi ikiwa imesimama mlangoni.

Najua nitaambiwa kwamba nimesoma mno, kwamba mashairi ya watoto huunganisha vitu kwa vina tu: chanjagaa na kakaa, siti na chikichi, vikuta na kupita. Vina vipo, nami sivikani. Lakini mtunzi anayetafuta kina ana maneno mengi ya kuchagua. Aliyetunga haya, au mikono mingi iliyoyasugua kwa vizazi, ilichagua nyumba, kukaa, kujengea, vikuta na vilango, yote baada ya kufungua na vitenzi viwili vya mahali. Hayo ni mengi mno kuwa ajali katika mistari sita.

Pia tusiitazame fomyula hii kana kwamba iko peke yake. Jirani yake wa karibu ni kitendawili. Aliyeshindwa kufumbua huambiwa "Nipe mji", naye hutoa mji: chukua Mombasa, chukua Unguja. Mwenye kitendawili akiupokea husema amekwenda katika mji huo na kueleza aliyoyaona, kisha ndipo atoe jibu. Katika michezo yetu ya usiku, maarifa yanalipiwa kwa mahali. Hadithi inaanza kwa kuumba mahali, kitendawili kinamalizika kwa kutoa mahali. Watu waliotunga kanuni hizi waliishi katika mwambao uliojaa miji iliyojengwa ikahamwa: Gedi karibu na Malindi, Kaole kando ya Bagamoyo, Tongoni kusini ya Tanga, Songo Mnara kule Kilwa. Sidai kwamba paukwa ilitungwa kwa ajili ya mji fulani. Nasema kwamba masikioni mwa mtu aliyepita kila siku kando ya msikiti usio na paa na kisima kisicho na mchotaji, "paukwa" haikuwa kelele.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu haihusu sarufi. Ni ya walimu na wazazi wanaosema: hata kama ni kweli, mtoto wa leo ana paukwa yake. Kenya nzima watoto huendeleza hivi: "Paukwa? Pakawa. Sahani? Ya mchele. Giza? La mwizi. Kiboko? Cha mtoto mkorofi." Hii nayo ni fasihi, hai, inayojua jamii yake: kuna njaa ndani yake, kuna hofu ya usiku, kuna fimbo ya darasani. Nakubali kabisa. Hata naona jinsi ilivyozaliwa. Kitenzi kilipokufa, sikio la mtoto lilitafuta neno hai lililo karibu, likasikia "pakua" ndani ya pakawa, na baada ya kupakua ni lipi lingekuja kama si sahani ya mchele? Watoto walifanya kile ambacho watu wazima hatukufanya: walikataa kuliacha neno bila maana, wakalipa nyingine. Sitaki kuwanyang'anya. Ninachopinga ni mtu mzima, mwenye kamusi na shahada, kumwambia mtoto huyo kwamba maneno yale hayamaanishi kitu.

Hapo ndipo akili mnemba inapoingia, na ndipo ninapoona haja ya kuharakisha. Programu hizi hujifunza kwa maandishi yaliyopo. Kama tumeandika mara elfu kwamba paukwa ni mwanzo tu wa hadithi, zitaturudishia hivyo, na mtoto atakayeuliza atapata usahaulifu wetu ukiwa umevaa sura ya elimu. Kinachohitajika ni kazi ndogo, isiyohitaji mkutano wala bajeti kubwa. Kamusi ziandike kitenzi "uka" kwa maana yake ya kuondoka na zitaje paukwa chini yake. Kitabu cha kiada kiongeze aya moja inayoonyesha pa-, -ka- na -wa. Mwanafunzi wa sekondari aliyefundishwa viambishi kwa mifano mikavu atashangaa kuvikuta katika neno alilolijua kabla ya kujua kusoma. Na walio na wazee Lamu, Vanga, Pangani, Pemba na Kilwa wawarekodi wakiisema fomyula yote, kila mmoja na yake, kwa kuwa neno moja lililobadilika katika kijiji kimoja linaweza kupindua nusu ya niliyoandika hapa. Nitafurahi likipinduliwa kwa njia hiyo.

Bibi hakuwahi kutufasiria. Lakini sasa ndipo ninapokumbuka kwamba alipofika kwenye "vilango vya kupita" alikuwa akigusa meno yake ya mbele kwa kidole, kisha anaanza hadithi.